Mteja Anayepigwa Nyumbani: Mwongozo kwa Mnasihi Anayeanza Kazi

Kila kundi jipya la wanasihi linapoanza kazi, maswali huwa ni yaleyale. Mume nimwite lini? Nimwambie aondoke au avumilie? Akikataa kwenda polisi nifanyeje? Majibu nimeyaandika hapa ili uwe nayo mezani siku mteja wako wa kwanza atakapokaa mbele yako, jicho limevimba, akakwambia alianguka bafuni.

Fomu, ofisi na sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Nitamzungumzia zaidi mwanamke anayeumizwa na mume au mwenza, maana hao ndio wengi utakaowaona. Lakini watakuja pia wanaume, wazee wanaoteswa na watoto wao wa kuwazaa, na dada wa kazi. Hatua ni zilezile.

Jambo moja liweke kichwani mapema. Hukuajiriwa kuokoa ndoa, wala kuivunja. Kazi yako ni mteja atoke chumbani kwako akiwa salama kuliko alivyoingia, na uamuzi ukiwa bado ni wake. Huko nyumbani tayari kuna mtu anayemwamulia kila kitu, hahitaji wa pili.

Viwe tayari kabla hujaanza

- Chumba chenye mlango unaofungwa na kuta zisizopitisha sauti. Meza ya mwisho wa korido si chumba. Kama kituo chako hakina nafasi, omba chumba cha uzazi wa mpango: mwanamke yeyote ana sababu ya kuingia humo na hakuna atakayemshangaa.
- Orodha ya rufaa uliyoihakiki mwenyewe kwa kupiga simu: Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu, afisa ustawi wa jamii, hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono (tiba, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja), msaidizi wa kisheria wa kata, na nyumba salama kama ipo mkoani kwako. Andika na jina la mtu wa kumwulizia. "Nenda polisi" si rufaa.
- Namba mbili za bure: 112 ya polisi wa dharura, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.
- Kabati lenye kufuli kwa ajili ya majalada, na ufunguo usiozunguka ofisi nzima.
- Mtu mzoefu wa kumpigia wewe mwenyewe unapokwama. Usiianze kazi hii bila huyo.

Hatua ya 1: Mwone akiwa peke yake

Wengi huja wamesindikizwa na mume, wifi au mama mkwe. Msindikizaji anayejibu maswali kabla ya mteja hajafungua mdomo, huyo mwangalie vizuri. Usimtoe kwa ukali. Sema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Utaratibu wetu hapa, kila mteja tunamwona kwanza peke yake, halafu tunawaita ndugu." Ufanye uwe utaratibu kweli, kwa wateja wote, ili usionekane umebuniwa kwa ajili yake.

Mtoto aliyekwisha kuanza kuongea naye asiwepo. Atakwenda kusema nyumbani, tena kwa nia njema. Na kama mteja hajui Kiswahili vizuri, tafuta mkalimani asiye ndugu, jirani wala mtu wa kanisa moja naye.

Hatua ya 2: Mweleze siri na mipaka yake

Hili lifanyike kabla hajasema lolote, siyo baada. Mwambie hivi: "Utakayonieleza yanabaki hapa. Siwezi kukaa nayo kimya kama kuna mtoto anayeumizwa, au kama naona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Ikifika hapo, wewe ndiye nitakayekuambia kwanza kabla ya mtu mwingine."

Habari ya mtoto si hiari yako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na kwa vitendo hiyo ni ofisi ya ustawi wa jamii. Mteja akilijua hilo mapema atachagua la kusema. Akiligundua baadaye, umempoteza.

Hatua ya 3: Uliza matendo, usiulize "ukatili"

Ukimwuliza, "Je, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia?" atajibu hapana na atakuwa mkweli, kwa sababu kwake yeye hayo ni ugomvi wa kawaida wa nyumbani. Taja vitu vyenyewe. Anakupiga kibao? Anakufungia nje usiku? Anashika hela yote, hata ya unga? Anakagua simu yako? Anakulazimisha mlale pamoja wakati hutaki? Kuna siku unaogopa kurudi nyumbani?

Mazungumzo huwa yanakwenda hivi:

"Hapo jichoni palikuwaje, dada?"

"Nilianguka bafuni."

"Pole sana. Wengi ninaowaona hapa wakiwa na alama kama hiyo, baadhi yao ni mtu wa nyumbani aliyewaumiza, ndiyo maana namwuliza kila mtu. Kuna mtu anayekupiga?"

Anaangalia mlango. "Siku hizi si sana."

"Siku hizi si sana" ni ndiyo. Usiirukie kwa maswali kumi. Sema: "Asante kwa kuniambia. Hata mkikosana, hakuna ruhusa ya kukupiga." Kisha nyamaza. Kimya kikikuwasha, shika kalamu lakini usiandike.

Akiwa amekuzidi umri, shikamoo na "mama" zisikosekane, na usimhoji kama karani wa sensa.

Maneno ya kuyafuta kabisa kinywani: "Kwani ulimfanyia nini?", "Vumilia, ndoa zote ndivyo zilivyo", "Mimi ningekuwa wewe ningeondoka zamani", "Mbona umekaa miaka yote hiyo?" La tatu linaonekana la kumtetea, lakini linamwambia kwamba ni mjinga.

Hatua ya 4: Pima hatari siku hiyohiyo

Usisubiri kikao cha pili, huenda kisiwepo. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma kina maswali ya kupima hatari, na ukiyauliza kwa lugha yetu yanakuwa hivi:

1. Kipigo kimeongezeka au kimekuwa kikali zaidi miezi 6 iliyopita?
2. Amewahi kutumia silaha, au kukutishia nayo: panga, kisu, bunduki?
3. Amewahi kukukaba koo?
4. Unaamini anaweza kukuua?
5. Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito?
6. Ana wivu mkali usioisha, hadi anakuwa mkatili kwa ajili yake?

Ndiyo tatu au zaidi, chukulia kwamba hatari iko mlangoni. Hapo hamwachani kwa "karibu tena wiki ijayo". Mnazungumza leo atalala wapi, na unapiga simu mbele yake akikubali.

Swali la tatu nitalikalia kidogo, kwa sababu wanasihi wengi hulipita haraka. Kukabwa koo si kipigo kama vingine. Mwanamke aliyekabwa na mwenza wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mtu huyohuyo, na mara nyingi shingo haionyeshi alama yoyote. Uliza: sauti imekwaruza tangu siku ile? Kumeza kunauma? Aliona giza au alizimia? Alijikojolea? Tazama weupe wa macho na kope kwa ndani, kama kuna vidoti vyekundu. Mshipa wa shingo ulioumia unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, mtu akiwa anaonekana mzima. Kwa hiyo jibu likiwa ndiyo, na ni tukio la karibuni, mteja aende hospitali hata kama anasema amepona, na barua yako ya rufaa iandike wazi neno "alikabwa koo" ili daktari ajue anachotafuta.

Hapohapo uliza kuhusu kujiua, kwa maneno ya moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Hatua ya 5: Tiba na ushahidi, saa zinahesabika

Kama amelazimishwa tendo la ndoa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze haraka, na mwisho ni saa 72. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafanya kazi hadi saa 120, ila zikiwahi ni bora. Kumbuka kwamba Kanuni ya Adhabu yetu haimhesabu mume anayemlazimisha mkewe kuwa mbakaji isipokuwa wametengana. Polisi wanaweza kumjibu hivyo, na asipoandaliwa ataondoka amevunjika. Mwambie mapema. Hospitali haiulizi cheti cha ndoa kabla ya kutoa dawa.

PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, inachukuliwa polisi, inajazwa na daktari, inarudishwa polisi. Aliyeumia vibaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. Dawati likimwandikia, achukue namba ya RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi) na aitunze mahali pengine zaidi ya mkoba wake. Nguo za siku ya tukio zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye wa nailoni zinaoza.

Wewe nawe una ushahidi mkononi: jalada. Linganisha maingizo haya mawili. La kwanza: "Mteja anadai kupigwa na mumewe. Ana majeraha usoni." La pili: "Mteja anaeleza kwamba juzi saa 3 usiku mume alimwegemeza ukutani akamkaba kwa mikono miwili, akaona giza, akajikojolea. Mchubuko wa zambarau wa takriban sentimita 4 chini ya jicho la kushoto. Sauti imekwaruza." La kwanza wakili wa upande wa pili atalifurahia. Neno "anadai" peke yake limeshamtilia mteja shaka. Andika alichosema kwa maneno yake na ulichokiona kwa macho yako. Maoni yako kuhusu ndoa yake hayana nafasi kwenye jalada.

Hatua ya 6: Mpango wa usalama

Hapa ndipo muda wako mwingi uende, hata kama mteja amekwambia haondoki. Hasa kama haondoki. Mpango ujengwe kutokana na nyumba yake halisi, kwa hiyo anza kwa kumwomba akuelezee: milango mingapi, nani analala wapi, ugomvi huanzia chumba gani, jirani wa kwanza ni nani.

Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni penye visu, mafuta ya taa na maji ya moto, wala chooni kusikokuwa na mlango wa pili. Asogee upande wenye njia ya kutokea. Akubaliane na jirani mmoja tu juu ya ishara, mfano mtoto kutumwa "kuazima chumvi" usiku, na jirani ajue maana yake ni kupiga 112 au kumwita mwenyekiti wa mtaa. Watoto wafundishwe kukimbilia kwa jirani, wasiingilie kati.

Nyaraka: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, kadi ya bima, kadi ya CTC (kliniki ya VVU) kama anatumia dawa, hati au barua ya mauziano ya kiwanja. Kuzihamisha zote siku moja kutaonekana. Apige picha, nakala zikae kwa mtu anayemwamini, asili azitoe mojamoja.

Hela: hata elfu mbili mbili. Kikoba kinafaa kama mhazini si wifi yake. Salio la simu halifai kama mume ana namba ya siri au husoma meseji, na wengi husoma.

Simu yenyewe ni mtihani. Muulize kabla hajatoka: namba yetu nikuandikie kwa jina gani? Fundi cherehani, mwalimu wa mtoto, duka la dawa. Usimtumie meseji yenye neno "ukatili", "kikao" wala jina la ofisi. Ukipiga akapokea mwingine, wewe ni wa duka la vitenge na umekosea namba.

Usafiri: bodaboda wa kijiweni pao anamjua mume, na jioni watakunywa naye chai. Apange wa mtaa mwingine.

Mpango huu usiuandike kwenye karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Aukariri, akurudishie kwa mdomo mara mbili.

Na umwambie wazi kwamba kipindi cha kuondoka na miezi inayofuata ndicho huwa cha hatari zaidi. Asimtangazie mume kwamba anaondoka, wala asiache barua ya kuagana.

Hatua ya 7: Sheria, kiasi cha kumwondolea hofu

Wewe si wakili. Lakini kuna mambo machache ambayo mteja akiyasikia hubadilika hata namna ya kukaa kwenye kiti.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Shambulio ni kosa la jinai, liwe sebuleni au barabarani. Mtoto wa chini ya miaka 7, mahakama huanza kwa kudhani kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vingine. Hilo limwambie mwanzo kabisa, kwa sababu "watoto nitawaacha na nani" ndiyo kamba inayowafunga wengi. Mali: tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabiwa kama mchango katika mali ya ndoa. Asiye na cheti naye hajakosa kila kitu: walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana kuwa mume na mke, sheria huwadhania hivyo.

Linalowachanganya wateja na wanasihi pia ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Kupita huko ni sharti la kufungua shauri la talaka, na mahakama inaweza kuliondoa sharti hilo kukiwa na mazingira ya pekee. Kuripoti kipigo polisi hakuhitaji baraza lolote. Mtu akimrudisha mteja wako kutoka Dawati eti "mkasuluhishwe kwanza", msindikize mteja arudi Dawati.

Kwa wasomaji wa Kenya: fomu yenu ni P3, simu yenu ya msaada ni 1195, na nyinyi mna sheria mahsusi ya 2015 inayomwezesha mtu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Huku sheria ya namna hiyo hatuna.

Hatua ya 8: Rufaa ya kushikana mkono

Moja, kwa siku moja. Mteja aliyepewa karatasi tano za ofisi tano hafiki hata moja. Piga simu akiwepo, mtaje kwa idhini yake, eleza kisa wewe ili asirudie kueleza kipigo chake kwa kila dirisha. Kisha pangeni siku ya kuonana iangukie siku ambayo ana sababu ya kutoka: kliniki ya mtoto, gulio, mkutano wa kikoba.

Sasa lile swali la mume

Usimwite. Usimwandikie barua ya wito, usimpigie simu "tuzungumze kama watu wazima", usiwakalishe pamoja. Najua tumelelewa na mshenga, wazee na kikao cha familia, na kwa ugomvi wa hela au wa wakwe kikao hicho kina faida yake. Lakini usuluhishi unataka watu wawili wanaoweza kusema bila kuogopana. Mke ukimwuliza mbele ya mume, "Je, ni kweli anakupiga?" atachagua moja kati ya mawili: aseme uongo, au aseme kweli na ailipie usiku. Mume naye atakuwa mpole, atainamisha kichwa, pengine atalia, na utatoka ukijisifu. 

Mume akitaka kubadilika kweli, apate mnasihi wake mwingine, kwa wakati wake, na jalada lake lisikae kabati moja na la mkewe. Mteja akitaka sheikh au mchungaji ahusishwe, mwulize yeye ni yupi anayemwamini, na azungumze naye peke yake kwanza.

Ukikwama

*Anakataa polisi.* Ni haki yake. Fanya hatua ya 5 na ya 6 kikamilifu, ushahidi ukae tayari. Usimtishe kwamba hutamsaidia tena.

*Amerudi kwa mume.* Wengi hurudi, tena si mara moja, kwa sababu ya kodi ya nyumba, watoto, na wazazi waliokataa kurudisha mahari. Sura yako isionyeshe kuchoka. Uliza: "Tangu urudi, kimebadilika nini?"

*Mume yuko mapokezi anauliza mkewe alikuja kufanya nini.* Mapokezi wawe wameshafundishwa jibu moja kwa wote: "Hatutoi taarifa za mteja yeyote." Asipewe hata "hakuja". Akileta fujo ni polisi, na mteja apewe taarifa kabla hajafika nyumbani.

*Mume ni askari, au rafiki wa mkuu wa kituo.* Tumia Dawati la kituo kingine au ofisi ya polisi ya wilaya, na mtangulize wakili wa msaada wa kisheria. Kwa mteja wa namna hii rufaa ya mdomo haitoshi, iwe ya maandishi na nakala ibaki kwako.

*Mteja ni mwanaume.* Atakuja na habari ya presha au kukosa usingizi, siyo ya kupigwa. Maswali ya hatua ya 3 na ya 4 yanamfaa bila kubadilisha kitu. Ukicheka, hata kwa mshangao, harudi.

*Wewe huwezi kulala.* Mpigie yule mtu wa kwenye orodha ya mwanzo. Usimsimulie mwenza wako nyumbani, siri si yako.

*Ametoweka.* Usimtafute kwa simu mfululizo wala usiende kwake. Kama hatari ilikuwa kubwa na mlishakubaliana, mwulize yule mtu mmoja aliyekutajia. Jalada usilifunge. Akitokea baada ya mwaka, usimwanzishe upya na historia yote, unayo. Anza na yale maswali sita ya hatua ya 4, maana majibu yake ya mwaka jana hayatumiki tena.